Dondoo muhimu: Counter-Strike 2 bila kumaliza bando

Counter-Strike 2 ilitoka Septemba 27, 2023, ikachukua nafasi ya CS:GO ya mwaka 2012. Kuicheza ni bure. Lakini inahitaji nafasi ya GB 85 kwenye diski, na hapo ndipo kijana wa Mbagala au Mwananyamala, Dar es Salaam, anapoanza kupiga hesabu za bando.

Mwenye rafiki aliyekwisha kuipakua asihangaike. Tangu mwaka 2023, Steam, programu ya kupakulia gemu, inaruhusu kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye ruta moja kupeana mafaili ya gemu. Zote ziwashwe, kila mtu aingie kwenye akaunti yake, na kwenye mipangilio ya upakuaji mwenye gemu aruhusu marafiki wachukue kwake. Mzigo karibu wote utapita ndani ya ruta. Ni njia nzuri mno kwa mitaa yetu, na inastahili kujulikana zaidi.

Gemu hili halichezwi kwenye kompyuta za Mac.

Seva za karibu ziko Johannesburg na Dubai, kwa hiyo mchezaji ashushe kiwango cha juu cha pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, asije akatupwa Ulaya. Akikibana sana, atasubiri mechi mpaka achoke.

Mechi ya ushindani hufika raundi 24, na anayetoka katikati hufungiwa kwa muda hata kama umeme ndio uliokatika. Salio la umeme wa LUKU likaguliwe kwanza.

Uwanjani, moshi wa toleo hili hutobolewa na risasi na kutawanywa na bomu. Anayejificha humo atafute na ukuta.