KASWENDE NA MTOTO ALIYE TUMBONI

Mimba ikimharibikia mwanamke mara moja, watu humpa pole. Ikimharibikia mara ya pili, au akizaa mtoto mfu, maneno huanza kunong'onwa. Mara ya tatu majirani hawanong'oni tena. Husema wazi ya kuwa amelogwa, au ya kuwa mizimu ya ukoo wa mumewe imekasirika. Zipo sababu nyingi ziwezazo kuleta msiba kama huo, na nyingine hazijulikani mpaka daktari achunguze kwa makini. Walakini iko moja ambayo ni ya zamani sana, hujulikana kwa tone la damu, na dawa yake ni nafuu kuliko mbuzi wa kafara. Sababu hiyo ni kaswende, ambayo wengine huiita sekeneko.

Chukua mfano wa mtu wa Taita afanyaye kazi ya kupakua shehena katika bandari ya Mombasa. Mke wake yuko nyumbani, analima na kuwatunza wazee, na mume huja wakati wa Krismasi na siku za likizo. Mimba ya kwanza ya mkewe ilitoka katika mwezi wa sita. Ya pili ilitimiza miezi yake, lakini mtoto alizaliwa amekufa. Mama mkwe akaanza kumshauri mwanawe aoe mke mwingine. Mke mwenyewe kwa kumtazama alikuwa mzima: hana homa, hana kidonda, kazi zake zote azifanya, tena hakupata kutoka nje ya ndoa yake. Aliposhika mimba ya tatu alikwenda kliniki mapema, akachomwa kidole, na kabla ya dakika 20 kwisha jibu lilikuwa mezani. Mwuguzi akamwita chumbani peke yake, akafunga mlango.

"Mama," akasema, "damu yako inaonyesha kaswende. Huu si uchawi, wala tumbo lako halina kosa. Dawa ipo, na leo hii utachomwa sindano ya kwanza. Lakini bwana yako naye hana budi kuja."

Yule mwanamke akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Nitamwambiaje, dada?"

Swali hilo ni zito kuliko sindano, na jibu lake litakuja mahali pake. Kwanza yafaa ieleweke jinsi ugonjwa huu unavyoweza kukaa ndani ya mwili wa mtu miaka mingi naye asijue.

Kaswende huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Umbo lao ni jembamba na limejipinda mfano wa uzi uliosokotwa. Huingia mwilini wakati wa kujamiiana na mtu aliye navyo, kwa kupita katika ngozi laini ya utupu, au ya kinywa, au ya njia ya nyuma. Havipatikani kwa kukalia kiti, wala kwa kutumia choo kimoja, wala kwa kula sahani moja na mgonjwa, kwa sababu hufa upesi vikiwa nje ya mwili.

Baada ya majuma matatu hivi, pengine mapema zaidi au hata miezi mitatu baadaye, hutokea kidonda mahali vijidudu vilipoingia. Kidonda hiki ni kigumu kando kando na, jambo la ajabu, hakiumi. Pengine hutokea mtoki kinenani. Mwanamume aweza kukiona, lakini kwa mwanamke mara nyingi huwa ndani asikokuona mtu. Baada ya majuma matatu mpaka sita kidonda hupona chenyewe, hata kama mgonjwa hakutumia dawa yoyote. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Aliyekunywa mizizi husema mizizi imemponya. Aliyepaka marhamu ya dukani huisifu marhamu. Aliyemeza vidonge viwili vitatu alivyopewa na rafiki humwelekeza mwingine kwa rafiki yule yule. Kumbe kidonda kingepona tu, na vijidudu vimekwisha kuenea katika damu.

Majuma kadhaa yakipita, ngozi hutoka vipele ambavyo aghalabu haviwashi, na mara nyingi huonekana hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, mahali ambapo vipele vya kawaida si rahisi kutokea. Mgonjwa aweza kupata homa ndogo, koo kuuma, na nywele kunyonyoka mafungu mafungu. Haya nayo hupita. Kisha ugonjwa hujificha kabisa. Waweza kujificha miaka 10, au 20, au zaidi, na baadhi ya wagonjwa hawaoni tena dalili yoyote maishani mwao. Wengine huja kuharibikiwa na mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, au hupofuka, au hupatwa na wazimu, au miguu yao hushindwa kwenda sawasawa. Na mara nyingi jamaa zao hawakumbuki tena lile donda dogo la ujana.

Mwanamke aliye na ugonjwa uliojificha hivyo akipata mimba, vijidudu vyaweza kupita katika kondo na kumfikia mtoto. Mtoto aweza kufa tumboni, au kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa mdogo mno na kufa katika siku zake za kwanza. Wako pia wanaozaliwa wakionekana wazima, kisha baada ya majuma machache hutoka makamasi yasiyokoma, ngozi hubabuka, na ini huvimba. Wakikua bila kutibiwa, mifupa, meno, macho na masikio yao yaweza kuharibika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliambukizwa kaswende duniani, na kwamba wajawazito milioni 1.1 walikuwa nayo, na mimba zaidi ya 390,000 zikapatwa na madhara kwa sababu hiyo.

Wataalamu walitafuta kisa cha ugonjwa huu karne nyingi. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann waliviona vijidudu vyake kwa hadubini huko Berlin, na mwaka uliofuata August von Wassermann na wenzake wakatangaza njia ya kuutambua ugonjwa kwa kupima damu. Kabla ya hapo wagonjwa walipakwa au kunyweshwa zebaki, ambayo iling'oa meno yao na kuwatia sumu. Mwaka 1910 ilitoka dawa ya Paul Ehrlich, iliyotengenezwa kwa asili ya sumu ya aseniki. Ilikuwa bora kuliko zebaki, lakini matibabu yake yalikuwa marefu na yenye hatari. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, ilijaribiwa kwa wagonjwa wanne wa kaswende huko New York mwaka 1943, na ikaonekana kwamba inawaponya. Tangu hapo mpaka leo vijidudu vya kaswende havijajua kuishinda penisilini. Hili ni jambo la kushukuru, maana vijidudu vya kisonono vimekwisha kujifunza. Ndiyo sababu mtu mwenye kisonono haponi kwa sindano ile ile ya kaswende, na mtu mwenye usaha haifai ajinunulie dawa kwa kukisia.

Mtu aliyeambukizwa karibuni hutosheka na penisilini ya kukaa mwilini, kiasi cha milioni 2.4, achomwayo siku moja makalioni. Asiyejua aliambukizwa lini, kama yule mama wa Taita, huchomwa kiasi hicho mara tatu, kila juma mara moja. Wengine hupata homa na kutetemeka usiku wa siku ya kwanza. Homa hiyo hutokana na vijidudu vinavyokufa, na kwa kawaida huisha katika siku moja. Kwa hiyo mgonjwa asikimbie matibabu akidhani amepewa sumu, lakini mjamzito akiona maumivu ya tumbo au mtoto ametulia mno, arudi hospitali upesi. Aliyewahi kudhurika na penisilini hana budi kumwambia mganga kabla ya kuchomwa. Kwa mjamzito hakuna dawa nyingine iaminiwayo kumfikia mtoto sawasawa, hivyo wenye shida hiyo hupelekwa hospitali kubwa, wakazoezwa dawa kidogo kidogo chini ya ulinzi wa daktari.

Wakati una thamani hapa. Ili mtoto ahesabiwe kuwa amelindwa, mama yapasa atibiwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua, na kadiri aanzavyo mapema ndivyo inavyokuwa salama zaidi. Mwanamke aendaye kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nane amejinyima nafasi hiyo pasipo kujua. Zamani damu ya wajawazito ilipelekwa maabara ya mbali, na jibu liliporudi mwenyewe alikuwa hapatikani tena. Katika miaka ya 1990 zahanati za Baraza la Jiji la Nairobi zilijaribu kupima na kutibu papo hapo, na wake kwa waume wengi zaidi wakafikiwa na dawa. Siku hizi kipo kipimo kimoja kionyeshacho kaswende na virusi vya UKIMWI kwa tone lile lile la damu, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kitumike kuwa kipimo cha kwanza kwa wajawazito. Magonjwa hayo mawili hufuatana: kidonda cha kaswende ni mlango ulio wazi kwa virusi vya UKIMWI.

Sasa lile swali la mama. Mwuguzi hakumwambia akamshitaki mumewe. Alimweleza ya kuwa kipimo huonyesha ugonjwa tu, hakisemi nani aliuleta nyumbani wala aliuleta mwaka gani, na kwamba wawili wakianza kutafuta mwenye kosa, aghalabu tiba husimama na mtoto huumia. Akampa kikaratasi cha kumwita mume kliniki kwa ajili ya mimba, kisichotaja jina la ugonjwa. Mume akaja siku ya sindano ya pili, amekunja uso. "Mimi ni mzima," akasema, "niulizeni nilikuwa hospitali lini." Mganga hakubishana naye, alimwuliza tu kama aliwahi kuona kidonda kisichouma. Yule bwana akafikiri, akakumbuka kidonda alichokipata miaka minne nyuma kule Mombasa, kilichopona kwa marhamu ya shilingi chache. Akakunja mkono wa shati, akatolewa damu.

Kama asingalikuja, sindano za mkewe zingalikuwa kama kukausha sakafu huku paa linavuja, kwa sababu kuugua kaswende mara moja hakumkingi mtu. Aliyepona aweza kuambukizwa tena. Kwa ajili hiyo wote wawili huambiwa wasikutane kimwili mpaka wamalize matibabu na juma moja lipite, na wengine wote walioshiriki nao hutafutwa nao watibiwe.

Wako watu wa pwani wasemao ya kuwa vidonda vya utupu hutokana na tego, yaani kinga aliyoiweka mume ili amnase mzinzi. Wazo hilo lina madhara ya aina yake, maana mgonjwa huenda kutafuta wa kulitegua badala ya kwenda kupimwa. Wako pia wazee waliougua buba utotoni. Vijidudu vya buba ni jamaa wa karibu wa vile vya kaswende, hata kipimo cha damu hakiwezi kuvitofautisha. Lakini buba ni ugonjwa wa ngozi wa watoto, hauambukizwi kwa zinaa. Mzee wa namna hiyo akiambiwa damu yake ina alama, asiaibishwe kabla hajaulizwa habari za utoto wake.

Katika kujikinga, njia iliyo imara ni watu wawili waliokwisha kupimwa na kutibiwa kukaa pamoja bila kutoka nje. Asiyeweza hilo, au asiye na hakika na mwenzake, atumie mpira kila mara na tangu mwanzo wa tendo. Mpira utazamwe tarehe yake, usipakwe mafuta ya kupikia wala mafuta mazito ya kujipaka kwa kuwa huupasua, na ukitumika mara moja utupwe. Hauzuii kila kitu, kwa sababu kidonda chaweza kuwa mahali usipofunika. Hata hivyo hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, tena huzuia mimba isiyotazamiwa. Hapa iko hitilafu ambayo wengi huikosea. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967, na wanawake wengi wamezoea vidonge, sindano ya miezi mitatu, au kijiti cha mkononi. Vyote hivyo huzuia mimba vizuri, lakini havizuii kaswende, wala kisonono, wala UKIMWI. Mwanamke aliye salama kwa upande wa mimba aweza kuwa hana kinga yoyote kwa upande wa maradhi.

Mama wa Taita alimaliza sindano zake tatu katika mwezi wa tano wa mimba, na mumewe zake tatu. Alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Damu ya mtoto ilipimwa pamoja na ya mama yake, ikaonekana hana haja ya kulazwa siku 10 za sindano wanazochomwa watoto waliozaliwa na ugonjwa. Katika kadi yake ziliandikwa tarehe za kurudi kupimwa, na katika kadi ya baba vile vile.