Gome la muiri na tezi ya wazee

Msomaji, ikiwa umepita miaka 50 na unaamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo, mkojo ukikawia kutoka na kisha kudondoka tu, huenda tayari umeshauriwa kunywa unga wa gome la muiri. Wakalenjin huuita mti huo tendwet, na wataalamu Prunus africana. Dawa hii haifai kudharauliwa.

Tezi dume iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Umri ukisonga, tezi hukua na kuubana mrija. Kukua huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, lakini maradhi yote mawili yanaweza kuwa katika tezi moja.

Mwaka 2002 watafiti walikusanya majaribio 18 ya gome hili, yenye wanaume 1,562. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, yaani anayeamka mara tano huamka mara nne, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Ni nafuu ya kiasi. Majaribio hayo yalikuwa mafupi, hata miezi mitano hayakufika, na yalitumia dawa iliyokamuliwa kutoka katika gome na kupimwa kwa miligramu. Unga uliofungwa kwenye gazeti hakuna aliyeupima. (Mti wenyewe unaangamia: biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu 1995, kwani ukichunwa gome pande zote hufa.)

Mimi siwakatazi wagonjwa wangu. Ninachotaka ni upimwe kwanza, kwa sababu kisukari, maambukizi ya mkojo na hata saratani pia humwamsha mtu usiku, na nafuu ya gome haikwambii ni kipi unacho. Utapimwa mkojo, sukari na damu ya kipimo cha PSA. Uchunguzi wa kidole, ambao wanaume huukimbia, kwa kawaida hauchukui hata dakika moja. Mwambie daktari unachokunywa, hata kama ni cha mganga.

Jihadhari pia na dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Zinaweza kuufunga mkojo kabisa. Ukishindwa kukojoa huku tumbo la chini limejaa na kuuma, usichemshe gome lolote wala kungoja asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo uwekewe mpira, kabla figo hazijaumia. Ukiona damu kwenye mkojo, muone daktari hata kama huhisi maumivu.