SOMO: MALI YA WOTE HAIUZWI NA MTU MMOJA

Katika somo la leo tutajifunza jinsi wananchi wanavyoweza kutunza ardhi na majengo ya zamani ili yasipotee. Mfano wetu mkubwa unatoka mbali, Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi. Kule kuna bahari na mikoko. Hapa Ihumwa kuna mibuyu na vumbi. Lakini swali la kule na la hapa ni moja: kitu cha watu wote kinatunzwa na nani?

Soma polepole. Kama unasoma na wenzako, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatilie. Ukikuta neno gumu, rudi hapa:

MAGOFU – mabaki ya majengo ya zamani yaliyobomoka.
MATUMBAWE – mawe yanayopatikana baharini na ufukweni, yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini.
MDHAMINI – mtu au kikundi kilichokabidhiwa mali ya wengine kuitunza kwa faida yao. Mdhamini si mwenye mali.
WAKFU – mali iliyotolewa kwa ajili ya dini, maskini au ukoo, ambayo haiuzwi wala hairithiwi.

1. Kwa nini tunazungumza habari hii?

Ihumwa ya zamani ilikuwa ya mashamba ya mtama na uwele, na ng'ombe wakirudi jioni. Leo Ihumwa ni kata ndani ya Jiji la Dodoma. Mji wa Serikali uko jirani, Mtumba, na ulizinduliwa mwaka 2019. Reli ya kisasa imepita hapa, na treni zake za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024.

Haya ni maendeleo na tunayafurahia. Lakini mahali ardhi inapopanda bei, kila kipande hutafutiwa mnunuzi. Shamba lako ni shauri lako na jamaa yako. Je, kisima cha wote? Je, njia ya ng'ombe, makaburi ya wazee, au mbuyu wa mikutano? Vitu hivi havina mtu mmoja wa kuvisemea. Kila mtu anadhani mwenzake analinda. Siku ya kushtuka, jiwe la mpaka limekwisha simikwa. Fedha ya kuuza kiwanja huisha, lakini makaburi yaliyojengewa juu hayarudi.

2. Kilwa ilikuwa mji mkubwa

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo, ng'ambo tu ya Kilwa Masoko. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Zamani kilikuwa mji tajiri kuliko mingi ya pwani yetu. Dhahabu kutoka Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji, ilipitia hapo kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1331 alifika msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, naye aliusifu mji huo kwa uzuri.

Watu wa Kilwa walijenga kwa matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, kisha ukapanuliwa katika karne ya 14 kwa nguzo na kuba. Juu ya mwamba ukingoni mwa bahari sultani mmoja alijenga jumba kubwa linaloitwa Husuni Kubwa. Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu za vita, wakauteka mji. Baadaye biashara ikafifia, watu wakapungua, na majumba mengi yakabaki magofu.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa pwani na Ugogo ni wageni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo ikienda na kutoka Bagamoyo. Wenye misafara walinunua chakula na maji kwa Wagogo, na waliwalipa watemi ushuru ulioitwa hongo. Hadithi ya pwani ni yetu pia.

3. Maadui wa majengo ya zamani

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengine wangesema: basi, kazi imekwisha. La, kazi haikwisha. Jina zuri kwenye karatasi halizuii wimbi. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Maadui walikuwa watatu. Wa kwanza ni bahari, ambayo ilikula ufuko mpaka kuta za kando zikaanza kuporomoka. Wa pili ni mvua, iliyoosha chokaa kati ya mawe. Wa tatu ni miti. Mbegu ndogo huota ndani ya ufa, mzizi hunenepa, na ukuta hupasuka.

Sisi tunaoijua nyumba ya tembe tunalielewa jambo hili. Tembe isipokandikwa upya kabla ya masika, udongo wa juu huliwa na mvua, boriti huoza, na paa huanguka. Nyumba haiangushwi na mvua ya siku moja. Huangushwa na uzembe wa miaka mingi.

4. Wanakijiji waliingiaje?

Magofu ya Kilwa yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Serikali ndiyo msimamizi. Lakini ofisa wa Serikali hawezi kulala ufukweni kila usiku. Anayeliona jiwe likianguka ni mvuvi anayepita asubuhi. Kwa sababu hiyo ziliundwa kamati za magofu, na wajumbe wake ni wanakijiji wenyewe.

Kazi zilizofanyika Kilwa ni za kueleweka. Miti iliyoota juu ya kuta iliondolewa kwa uangalifu, maana ukiung'oa mzizi kwa nguvu, utang'oa na ukuta. Kuta za kuzuia mawimbi zilijengwa. Mikoko ilipandwa ufukweni, kwa kuwa mizizi yake hushika tope na kupunguza nguvu ya maji. Mafundi wa hapo hapo walifundishwa kuziba nyufa kwa chokaa.

Hebu tusimame kidogo hapa. Kwa nini chokaa, na siyo saruji? Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo huzuia unyevu usitoke. Chumvi na maji vikinaswa ndani, jiwe hubomoka hata kama saruji imebaki nzima. Chokaa ni laini, hupumua pamoja na jiwe. Kumbe fundi wa zamani alijua alichokuwa akifanya.

Mwaka 2014 magofu ya Kilwa yaliondolewa katika orodha ya hatari. Ilichukua miaka kumi ya fedha, utaalamu na mikono ya watu. Hata hivyo bahari haijalala, na ulinzi haukomi.

5. Wakfu: njia ya zamani ya pwani

Watu wa pwani walikuwa na njia yao ya kuzuia mali isiuzwe. Njia hiyo ni wakfu. Mtu mwenye nyumba husema, mbele ya mashahidi, kuwa nyumba hii ni wakfu. Kutoka siku hiyo haiuzwi, haigawiwi kama zawadi, wala hairithiwi. Kodi yake huenda msikitini, kwa maskini, au kwa ukoo wake, kama alivyoagiza.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ziko nyumba nyingi za wakfu. Husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Bila wakfu, baadhi ya nyumba hizo zingekwisha kuuzwa na kuvunjwa zamani.

Lakini tuseme kweli yote. Wakfu huzuia kuuza; peke yake hautengenezi paa. Kodi ikiwa ndogo mno, fedha ya matengenezo haipatikani, na nyumba huoza ikiwa bado ni ya wakfu. Hata jengo kubwa la umma halisimami kwa heshima tu. Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walikufa. Basi, pamoja na kanuni ya kutouza, lazima uwepo mfuko wa kutengeneza, na utengenezaji usichelewe.

6. Mfano kutoka Uingereza

Mwaka 1895 watu watatu wa Uingereza waliona kuwa viwanda na nyumba mpya vinameza mashamba na majengo ya kale. Wakaanzisha chama cha udhamini kinachoitwa National Trust. Ardhi yake ya kwanza ilikuwa kilima kando ya bahari huko Wales, kilichotolewa bure na mama mmoja, Fanny Talbot. Mwaka 1907 bunge lilitunga sheria iliyokipa chama hicho nguvu ya kutangaza kuwa ardhi fulani haiwezi kuuzwa kamwe. Leo chama hicho kinatunza zaidi ya kilomita 1,200 za pwani, kwa michango ya wanachama na viingilio vya wageni.

Tazama, watu wa Kilwa, wa Zanzibar na wa Uingereza wana dini na desturi tofauti. Lakini wote wamefika kwenye fundisho lile lile: kitu unachotaka kiwafikie wajukuu, kiondoe mikononi mwa muuzaji mmoja.

7. Sheria yetu inasemaje?

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Kwa wasomaji walio vijijini, iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Kifungu cha 8 kinasema kuwa Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Mkutano Mkuu ni wewe, mkeo au mumeo, na kila mkazi mtu mzima. Usipohudhuria, umekaa kimya juu ya mali yako. Sheria hiyo pia inatambua ardhi ya pamoja, na ardhi hiyo inapaswa kuandikwa katika daftari.

Kwa sisi tulio ndani ya Jiji, taratibu ni nyingine. Tunafuata Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na ramani za mipango miji. Nenda ofisi ya Mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya Jiji, uulize: je, makaburi yetu yamo katika ramani? Je, uwanja huu umeandikwa kuwa wa wazi? Uliza kabla upimaji haujafika, siyo baada ya tingatinga kuwasha moto.

Kikundi cha wananchi kinaweza pia kuunda Bodi ya Wadhamini na kuiandikisha RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Bodi iliyoandikishwa inaweza kushika mali kwa jina lake. Mjumbe akifa au akihama, mali inabaki ya bodi.

8. Mambo manne ya kukumbuka

Kwanza, MIPAKA. Kitu kisichojulikana kinaishia wapi kitamegwa kidogo kidogo.
Pili, MAANDISHI. Maneno ya mdomo hufa na mzee. Karatasi yenye tarehe na sahihi hubaki.
Tatu, WALINZI. Wachaguliwe mbele ya watu, wanawake na vijana wakiwemo, nao watoe hesabu.
Nne, MFUKO. Hata mdogo. Paa huzibwa tundu likiwa bado dogo.

Ndugu msomaji, hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoonyesha faida yake. Zamani mjanja aliweza kukuletea karatasi ukaweka dole gumba bila kujua umeuza nini. Leo unaisoma mwenyewe. Na pia unaweza kuandika ya kwako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika mkoa wetu wenyewe ipo michoro ya miambani ya Kondoa, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji wa huko bado huyaheshimu baadhi ya mapango hayo kama mahali pa matambiko. Kwa hiyo, mambo haya si ya pwani peke yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja maadui watatu wa magofu ya Kilwa. Maadui wa nyumba za zamani hapa kwetu ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya mdhamini na mwenye mali?
3. Kwa nini nyumba ya wakfu inaweza kuoza ingawa haiuzwi?
4. Mtu akisema, "Njaa ni ya leo, makaburi ni ya zamani, tuuze," utamjibu nini? Msikilizeni, maana njaa yake ni ya kweli.

ZOEZI LA KUANDIKA

Chukua daftari. Chora safu nne. Andika juu yake: JINA LA MALI, MIPAKA YAKE, NANI ANAITUNZA, IMEANDIKWA WAPI. Kaa na wazee wawili au watatu, ujaze mali za pamoja za mtaa au kijiji chako. Safu ya nne ikibaki tupu, hiyo ndiyo kazi ya kupeleka kwenye mkutano ujao.