Shahidi Aliyekufa na Shahidi Aliyebaki

Katika Kiswahili neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake, naye asimulia aliyoyaona. Shahidi ni tena mtu aliyemwaga damu yake kwa ajili ya imani, kama Mashahidi wa Uganda. Si ajabu neno likiwa moja. Aliyekufa hawezi kusema tena; habari zake hutufikia kwa kinywa cha aliyebaki. Huyo naye akinyamazishwa, aliyekufa amezikwa mara mbili.

Nchi ya Kivu ina mashahidi wengi. Mwaka wa 1994, kuanzia mwezi wa Aprili, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule. Korti ya Mataifa iliyokaa Arusha ilihukumu kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari, yaani mauaji yenye nia ya kuangamiza kabila, lote au sehemu yake. Mwezi wa Julai wakimbizi wengi walivuka mto Rusizi wakaingia Bukavu, wauaji na wasio na hatia wakiwa wamechanganyika. Mwaka wa 1996 vita ikawafuata. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyewatetea wenyeji na wakimbizi, aliuawa katika mji wake. Kisha, tarehe 24 Agosti 1998, msiba ukaangukia Kasika, katika nchi ya Mwenga. Mwami François Mubeza aliuawa, na padri, na watawa, na watu wa vijiji vya jirani; hesabu yao ilipita 1,000.

Mambo hayo yalijulikanaje? Umoja wa Mataifa ulituma watu kuchunguza maovu yaliyotendwa Kongo tangu 1993 hata 2003. Walisikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, wakaandika matukio 617, na habari hizo zikatangazwa tarehe 1 Oktoba 2010. Pasipo mashahidi hao, mengi yangalipotea kama maji mchangani.

Wako wasemao: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mithali hiyo ni njema kwa ugomvi wa mbuzi au wa mpaka wa shamba. Lakini kidonda kilichofunikwa kingali na usaha hakijapona. Mganga hukifungua kwanza, akakisafisha. Wako na wengine, wenye hatari kubwa zaidi, ambao hukumbuka wafu wa nyumba yao tu. Mmoja husimulia ya Rwanda, akanyamaza juu ya Kasika. Mwingine hulia kwa ajili ya Kasika, akakana ya Rwanda. Moyo wa namna hiyo haukumbuki, bali wanoa panga.

Basi mkatekumeni amsikilizapo mtu aliyeokoka, ashike mambo matatu.

Kwanza, asimlazimishe. Mama aliyeona watoto wake wakiuawa atasema siku apendayo. Akilia, wasikilizaji wangoje.

Pili, asiongeze wala asipunguze. Uongo mmoja katika habari za wafu huwapa wauaji nafasi ya kukana yote.

Tatu, ataje kosa na mkosaji, asilaumu kabila. Aliyeua ni mtu mwenye jina na mikono. Kabila halina mikono. Kaini ndiye aliyemwua Abeli, wala si nyumba yote ya Adamu.

Tena, kuhukumu ni kazi ya korti, na kusamehe ni kwake aliyekosewa. Jirani hawezi kusamehe badala yake. Wala msamaha haukatazi hukumu ya haki.

Katika Kongo, tarehe 2 Agosti, siku ilipoanza vita ya 1998, imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa. Inafaa siku hiyo wazee wakae na vijana, majina ya wafu wa kijiji yatajwe moja moja, na mgeni aliyepoteza watu wake mahali pengine apewe naye nafasi ya kutaja walio wake.

MASWALI

Kwa nini aliyebaki huitwa shahidi? Kwa kuwa huwasemea wale wasioweza kusema tena.

Je, kukumbuka ni kulipiza kisasi? Sivyo. Kisasi hutafuta mtu wa kuua. Kumbukumbu hutafuta kweli, ili mauaji yasirudi.

Wafu wa jirani ni wa nani? Ni wetu pia.