DHAMANA YA SERIKALI KATIKA MIKUSANYIKO YA WATU
Somo juu ya kulinda roho katika sherehe, safari na michezo

Somo hili lahusu jambo ambalo watu hulizungumza siku za matanga kisha wakalisahau. Nalo ni hili: watu wakikusanyika kwa maelfu kiwanjani, au ukumbini, au ndani ya chombo cha bahari, ni nani mwenye dhamana ya roho zao?

MFANO WA SONGO MNARA

Kisiwa cha Songo Mnara ki kusini ya Kilwa Kisiwani, na magofu ya visiwa hivi viwili yaliandikwa pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mji wake wa mawe ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukawa mahame katika karne ya 16. Apitaye pale huona majumba, misikiti, makaburi na ukuta. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha na jingine, kwamba uwanda ulio katikati ya mji haukubaki wazi kwa bahati. Wenye mji waliuacha kwa kusudi, na nyumba zikajengwa kuuzunguka. Basi watu wale walifikiri juu ya nafasi ya mkusanyiko kabla mkusanyiko haujawa. Asili ya somo hili ni hiyo: dhamana huanza kabla ya siku ya watu kukutana.

JAMBO LA KWANZA: KWA NINI DHAMANA NI YA MWENYE MAMLAKA

Mtu mmoja aingiaye katika umati haoni ila mgongo wa aliye mbele yake. Hajui wangapi wametangulia, wala hajui kama mlango wa upande wa pili u wazi au umefungwa. Aliye nyuma husukuma kidogo tu, naye hadhani kuwa amedhuru mtu. Lakini misukumo midogo ya watu elfu hukutana juu ya kifua cha mmoja aliye mbele. Wajuzi wa mambo haya wasema kuwa wengi wafao katika msongamano hawafi kwa kukanyagwa, bali kwa kubanwa hata kifua kisiweze kuvuta pumzi. Na hatari huanza watu wafikapo watano au zaidi katika mraba wa mita moja.

Awezaye kuuona umati wote, na kuhesabu, na kufungua mlango au kuufunga, ni mwenye amri. Na mafundisho ya Mtume, s.a.w., ni kuwa kila mtu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mbuzi haulizwi kwa nini zizi lilikuwa dogo.

JAMBO LA PILI: YALIYOTUKIA

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto walijazwa katika ukumbi mmoja wa starehe mjini Tabora. Wapatao 20 wakafa kwa msongamano na kukosa hewa. Walitoka makwao wamevaa nguo mpya za sikukuu, wakarudishwa ndani ya sanda.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi nyingine, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Tume iliyoundwa na Rais wa Zanzibar ilithibitisha kuwa meli ilizidishiwa watu na mizigo. Na habari za siku zile zilieleza kwamba baadhi ya abiria walipoiona ilivyojaa walikataa kupanda. Basi hatari ilionekana kwa macho gatini, na bado meli ikaachwa ing'oe nanga.

Tarehe 21 Machi 2021, watu walimiminika katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga Rais John Magufuli. Polisi walitangaza mwishoni mwa mwezi ule kwamba watu 45 walikufa katika msongamano, wakasema kuwa baadhi ya watu walikosa subira wakataka kuingia kwa nguvu.

JAMBO LA TATU: UDHURU WA QADARI

Baada ya kila msiba husikika neno, "Ni qadari." Neno hili ni kweli, na ni faraja kwa mfiwa, lakini si hati ya kumwachilia aliyepewa amana. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni, akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika qadari moja kwenda katika qadari nyingine. Huyu alikuwa kiongozi, na hakuwatia watu hatarini kisha akaita kuwatia huko tawakali.

Hata katika ibada ya Hija jambo hili limeonekana. Mwaka 1990 mahujaji 1,426 walikufa katika njia ya chini ya mlima huko Makka. Mwaka 2006 wakafa zaidi ya 340 penye daraja la Jamarat. Daraja lile likavunjwa, likajengwa jingine la ghorofa kadha, wenye kwenda wasikutane na wenye kurudi. Lakini mwaka 2015 msiba ukatokea tena Mina, katika njia ziendazo huko, na serikali ya Saudia ikahesabu maiti 769. Katika haya mna mafunzo mawili: kwamba kujenga vema huokoa roho, na kwamba jengo jema halimpi mlinzi ruhusa ya kulala.

JAMBO LA NNE: UDHURU WA "WATU HAWANA SUBIRA"

Tarehe 15 Aprili 1989, katika kiwanja cha mpira cha Hillsborough, Uingereza, lango lilifunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje, lakini njia iendayo katika vizimba vilivyokwisha kujaa haikufungwa. Waliokufa kwa sababu ya siku ile wakafikia 97. Kwa miaka mingi lawama ilitupwa juu ya mashabiki. Ni mwaka 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa, na kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Basi jamaa za maiti walingoja miaka 27 kusikia kwamba wafu wao hawakujiua wenyewe.

Umati kukosa subira ni jambo lijulikanalo kabla. Na lijulikanalo kabla si udhuru, bali ni sababu ya kujiandaa.

JAMBO LA TANO: YAPASAYO KUTENDWA

Sheria za Tanzania zataka polisi wapewe taarifa ya mkutano saa 48 kabla. Liko Baraza la Michezo la Taifa, liko Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na liko shirika la TASAC lenye kusimamia usalama wa vyombo vya majini upande wa bara. Basi sheria na majina ya wahusika si haba. Lipungualo ni kutenda.

Na atazame mtu wa Kilwa. Maulidi au mechi ikiitishwa Songo Mnara, wageni hawafiki ila kwa vyombo. Yapasa mambo manne: kiasi cha watu kijulikane mapema; kila chombo kihesabiwe kabla hakijatweka; milango ya kutokea iwe mingi na wazi; na awepo mtu mmoja ajulikanaye, mwenye amri ya kusema "basi", hata kama nauli na viingilio vitapotea. Na msiba ukitokea, uchunguzi usomwe hadharani, ili kosa lisirudiwe.

ZINDUKO

Raia naye ana fungu lake. Nahodha ampokeaye abiria wa ziada kwa ajili ya senti chache, na mzee aonaye akanyamaza, wote wana sehemu katika lawama. Lakini fungu la raia halifuti fungu la serikali; mwenye fimbo ndiye mchunga.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, na awape wenye amri moyo wa kuogopa kuulizwa. Amin.

MASWALI YA SOMO
1. Kwa nini mtu mmoja ndani ya umati hawezi kujilinda peke yake?
2. Ni ipi tofauti ya tawakali na kupuuza amana?
3. Katika mji wako, ni nani mwenye amri ya kusema "basi"?