Kibarua Kikiota Nyasi Mara ya Pili

Mdogo wangu, leo nataka tuongee wewe na mimi, wewe uliyerudi Itaka na begi lako na barua ya kupunguzwa kazi, na barua yenyewe si ya kwanza. Ya kwanza ulipewa miaka ile, ukaenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukajaza fomu, ukalipwa, maisha yakasonga. Ukapata kazi nyingine Tunduma. Sasa na huko wamekwambia mzigo umepungua, tunashukuru kwa utumishi wako. Tangu hapo umejifungia ndani, na akija mtu kukuuliza unasema uko likizo.

Najua kinachokukaa rohoni. Unawaza utarudije kwenye dirisha lile lile la NSSF. Unawaza watu watasema huyu ana gundu, kila kazi inamtema. Hebu liondoe hilo kichwani. Tunduma ni mji wa mpakani, unakula kupitia malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Mzigo ukikatika, wa kwanza kuguswa ni karani wa wakala wa forodha, mlinzi wa ghala, mhudumu wa gesti, tingo. Hata huku Mbozi kwetu, msimu wa kahawa ukiisha kuna watu wanaambiwa wakapumzike. Kupunguzwa mara mbili katika kazi za namna hii hakuna uhusiano wowote na nyota yako. Na hiyo pesa ya NSSF hakuna anayekupa sadaka. Kila mwezi ulikatwa, mwajiri akaongeza sehemu yake, ikafika asilimia 20 ya mshahara wako. Ni jasho lako. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, na ukikaa ndani kwa aibu hakuna atakayekuletea fomu mpaka mlangoni.

Nyumbani umeshamwambia mwenzio? Mwambie leo. Anaona hutoki asubuhi, anajua kuna jambo. Afadhali ajue ukweli mpange unga na ada pamoja, kuliko aje ausikie kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Sasa tusikilizane kuhusu fao lenyewe, maana wengi bado mnaishi na habari za zamani. Lile fao la kujitoa, la kuacha kazi ukachukua chako chote, halipo tena tangu mageuzi ya mifuko ya mwaka 2018. Kilichopo ni fao la upotevu wa ajira. Mtu aliyechangia angalau miezi 18, akaondolewa kazini bila kupenda kwake na hajapata kazi nyingine, hulipwa theluthi ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi 6. Kama ulikuwa unapokea 390,000, weka akilini kama 130,000 kwa mwezi. Wapo pia wanaolipwa kwa mkupuo, sehemu ya michango yao, kutegemea muda waliochangia na aina ya kazi. Kwa hiyo usichukue hesabu ya mara ya kwanza ukaibandika kwenye hii ya pili. Ukifika dirishani uliza mambo mawili kabla hujasaini chochote: tangu nilipwe mara ile, nimechangiwa miezi mingapi? Na nikilipwa sasa, akiba yangu ya uzeeni itabaki vipi? Usione haya kuuliza mara mbili. Yule afisa yuko pale kwa ajili yako.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Soma barua yako mstari wa sababu. Je, imeandikwa umepunguzwa kazi, au imeandikwa umeacha kazi kwa hiari? Kuna waajiri wanakuita ofisini, wanakupa maji ya kunywa, wanakwambia, "Dogo, andika tu barua ya kuacha kazi tuachane vizuri, pesa yako utaipata haraka." Na wewe kwa uungwana wako unaandika. Umekwisha! Fao hili halimhusu aliyeacha mwenyewe. Kwa mstari mmoja umewapunguzia wao kazi na umejifungia mlango. Kama bado hujaandika, usiandike. Waambie kwa heshima kwamba walioamua kukupunguza ni wao, basi waandike wao.

Jambo lingine la mara ya pili ni namba. Ulipoanza kazi ya Tunduma, ulitoa namba yako ya uanachama ya zamani, au ulikaa kimya wakakusajili upya? Wengi hukaa kimya. Matokeo yake mtu ana namba mbili, michango imegawanyika huku na huku, na akifika kudai anaambiwa miezi haitoshi wakati miaka yake ipo, imelala kwenye namba nyingine. Sema mapema una namba mbili waziunganishe. Angalia na majina. Kwenye kitambulisho cha taifa NIDA wamekuandika majina matatu, kadi ya NSSF ina mawili, benki wameweka "y" mahali pa "i". Herufi moja tu inaweza kukurudisha Itaka mikono mitupu, na nauli umeshakula.

Omba pia taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi. Usiridhike na karatasi ya mshahara inayoonyesha umekatwa. Kukatwa ni jambo moja, kupelekwa kwenye mfuko ni jambo jingine, na kuna mwajiri anayekata miezi yote 12 akapeleka 7. Mali bila daftari hupotea bila habari. Zile karatasi za mshahara ulizozirundika chini ya godoro zitoe, zipange kwa tarehe, kwa sababu ndizo ushahidi wako miezi ikionekana haipo.

Tena usichanganye pesa ya NSSF na ya mwajiri. Hayo ni mafungu mawili, na moja haliui jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi, aeleze sababu na kushauriana na wafanyakazi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, au alipwe badala yake. Kama umefikisha mwaka kazini, una kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Kwa ule mshahara wa 390,000, ukihesabu siku za kazi tu, siku moja ni 15,000, mwaka ni 105,000, miaka mitatu ni 315,000. Si pesa ya kumwachia mtu kwa kuogopa kuuliza. Dai na likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi.

Ukiona umeondolewa kwa hila, nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini siku zinahesabiwa! Una siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali, na 60 kwa madai mengine kama malipo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nimeona watu wenye haki kabisa wakirudishwa kwa sababu walikaa miezi miwili wakisubiri bosi apokee simu.

Na wakati unasubiri malipo, nakukataza mkopo wa kausha damu. Nakukataza kama dada. Najua unavyokuja, kwa maneno matamu, halafu wakopeshaji wanashika kadi yako ya benki na namba ya siri. Fao likiingia wanalitoa wao, wewe unapata ujumbe tu kwenye simu. Kama ni lazima ukope, anza na kikundi chako cha vikoba, watu wanaokujua na mnaotazamana usoni. Vishoka wanaojidai wanaweza kuharakisha faili lako nao wapishe. Na ukipata kazi katikati ya miezi ile sita, sema. Ukiendelea kupokea huku umeajiriwa utakuja kuumbuka siku unadai jambo kubwa zaidi.

Haya, kesho asubuhi oga, vaa vizuri, chukua barua ya kupunguzwa kazi, kadi ya uanachama, kitambulisho cha NIDA, namba ya akaunti na zile karatasi za mshahara. Toa nakala ya kila kimoja, asili zibaki kwako. Panda gari uende ofisi ya NSSF ukaanze na taarifa ya michango. Na hesabu siku zako za CMA kabla hujaondoka nyumbani, tafadhali.