Mbele ya kununua programu, tusikilize watu inayowagusa



Kuko koperative za kahawa zinazotaka kuacha daftari na kuandika kilo katika telefone. Kazi yenyewe si ngumu kuelewa: memba analeta serize kwenye kituo cha kuoshea, mpimaji anaziweka kwenye mizani, anaingiza kilo katika programu, na hesabu inafika ofisini. Lakini programu inaweza kuwa nzuri na bado ikakufa. Inakufa pale ambapo mtu ambaye kazi yake, feza yake ao heshima yake inaguswa hakuulizwa kitu. Telefone zinabaki kwenye kabati, watu wanarudia daftari. Somo letu la leo ni namna ya kuzuia jambo hilo.

1. Tuandike ni nani anaguswa

Chukueni karatasi, muigawe sehemu tatu: mtu, kitu atakachopata, kitu anachoogopa kupoteza. Sehemu ya tatu ndiyo watu wanasahau, na ndiyo inaamua mambo.

Mpimaji. Leo ni yeye anashika mizani na kalamu. Tuseme memba analeta kilo 37,4 na inaandikwa 37. Mara moja ni gramu 400 tu. Akileta mara 20 katika msimu, kilo 8 zimepotea. Programu itaonyesha kilo hizo. Mpimaji mwaminifu atafurahi, juu hakuna mtu atamusingizia tena. Lakini asipoelezwa, atafikiri mashini imeletwa ili kumukamata. Mumuulize mapema: anajua saa gani watu wanajaa, pahali gani mvua inaingia, na wakati gani chaji inaisha. Awe kati ya watu wa kwanza kujaribu.

Mama anayebeba serize. Mara nyingi ni yeye analima, anachuma na anabeba, lakini jina katika daftari ni la bwana yake. Mpimaji anamujua kwa sura, na pengine anamupatia feza mkononi. Programu haijui sura ya mtu. Malipo yakipitia Airtel Money ao M-Pesa, feza zinaenda kwenye namba iliyoandikwa, basi. Programu haikuzaa shida hii, lakini inaweza kuikaza zaidi. Mbele ya kuandikisha majina, muongee na wamama peke yao, kisha na wababa. Mkutano mkuu ndio ukate: ni nani anaandikwa, kwa namba gani, na kama nyumba moja inaweza kuwa na memba wawili.

Mwenye shamba na chefu wa kijiji. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inaomba kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani, na kwamba pale hapakukatwa pori kisha tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilofika hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha. Lakini huku kwetu, watu wakiona mtu anazunguka shambani na telefone, wanawaza kodi ao kunyanganywa udongo. Woga huo si upumbavu, umetoka katika mambo watu waliyoona. Muwaeleze mapema kwamba pointi si hati ya udongo, na muandike wazi ni nani atakayeziona pointi hizo.

Kontable. Anaogopa kwamba mashini itakamata nafasi yake. Mumuonyeshe kwamba kazi inabadilika: saa alizotumia kunakili kilo, atazitumia kuchunguza hesabu.

Shirika linalosaidia. Hapa tunajitaja sisi wenyewe. Shirika linalipa wakati wa mradi, kisha linaenda. Sisi tunatafuta rapore, nyinyi munatafuta kilo za kweli, na mambo hayo mawili si sawa kila mara. Mutuulize bila haya: mradi ukiisha, programu italipwa ngapi kwa mwaka? Nani atanunua mega? Majina na kilo za memba ni mali ya nani? Koperative inaweza kuzihamisha katika programu ingine? Majibu yawe katika maandishi, mbele ya kutia sahihi.

2. Kila mtu ajue kazi yake

Si watu wote wanafanya kitu kimoja. Kuko wanaokata shauri: mkutano mkuu, pahali kila memba ana sauti moja, na komite. Kuko wanaojaribu: wapimaji, kontable, memba wachache wa umri mbalimbali, na wamama kati yao. Kuko wanaopashwa kujulishwa: chefu wa kijiji na mnunuzi. Kisha komite ichague mtu mmoja wa kupokea maulizo yote. Jina lake litangazwe kituoni, hata asiyejua kusoma alisikie.

3. Tujaribu kidogokidogo

Muanze na kituo kimoja. Msimu huo, daftari na telefone zitembee pamoja. Kila jioni mulinganishe hesabu mbili. Zikiachana, mutafute sababu siku ileile, maana kisha juma moja hakuna atakayekumbuka. Programu ipashwe kuandika hata rezo ikikosa. Na kila memba arudi nyumbani na kikaratasi cha kilo zake, juu si kila mtu ana telefone.

Siku ya kuacha daftari isikatwe na shirika wala na muuzaji wa programu. Ikatwe na mkutano mkuu, kisha kusikia hesabu za msimu na malalamiko ya memba.

Maulizo ya kuongea katika kikundi

- Katika koperative yetu, ni nani atapoteza kitu programu ikiingia? Tulimuuliza?
- Jina la nani liko katika daftari, na ni nani anabeba serize?
- Shirika likienda kesho, feza ya programu itatoka wapi?

Ulizo moja likikosa jibu, ngojeni kwanza kununua. Kilo za memba ndizo chakula cha nyumba yake na masomo ya watoto wake. Ni haki yake kujua zinaandikwa namna gani, na nani.